Edwin Armstrong, Kijana wa Darini Aliyeipa Redio Sauti

Katika nyumba zetu ni vyombo vichache vilivyozoeleka kama redio. Mtu hubonyeza kitufe, hutafuta kituo cha FM, husikiliza habari au muziki usio na mikwaruzo, kisha huendelea na kazi zake. Ni wachache wanaojua ya kuwa usafi huo wa sauti, pamoja na njia ya kukuza ishara dhaifu hata ikasikika chumba kizima, ulitoka katika mikono ya mtu mmoja, naye aliianza kazi hiyo angali mwanafunzi, katika chumba cha darini nyumbani kwa wazazi wake. Mtu huyo ni Edwin Howard Armstrong wa Marekani. Sisi wa Chama cha Sayansi tumekuwa tukiunda amplifaya kwa mikono yetu muhula huu, na tumeona inafaa wasomaji wa gazeti letu wayajue maisha yake. Mimi nimepewa kazi ya kuyaandika.

Armstrong alizaliwa tarehe 18 Desemba 1890 katika jiji la New York. Baba yake alikuwa mwakilishi wa kampuni ya vitabu ya Oxford University Press huko Marekani, na mama yake alikuwa amepata kuwa mwalimu kabla ya kuolewa. Alipokuwa mdogo alishikwa na maradhi yanayotikisa viungo, hata ikabidi atolewe shuleni kwa muda wa miaka miwili. Maradhi yalipomwacha yalimwachia alama: kila aliposisimka, bega lake na uso wake vilicheza, na hali hiyo hakuachana nayo maisha yake yote. Mtoto wa namna hiyo hupenda kukaa peke yake. Armstrong alitumia upweke wake kufungua na kufunga vitu.

Mwaka 1902 jamaa yote ilihamia Yonkers, mji ulio kando ya mto Hudson, kaskazini ya New York. Hapo alipewa chumba cha darini kiwe chake. Baba yake, aliyesafiri kwenda London kwa kazi zake, alimletea vitabu vya habari za wavumbuzi, na humo kijana akasoma habari za Marconi aliyepeleka ishara bila waya. Tangu siku hizo hakutaka kazi nyingine. Chumba kikajaa koili, betri, nyaya na visikilizio. Mwaka 1910 alisimamisha uani mlingoti wa futi 125, yaani karibu mita 38, ili aning'inize waya wa kunasia mawimbi. Aliujenga mwenyewe, akajipandisha juu kwa kamba akiwa ameketi juu ya kibao.

Hapa naomba wazazi wanisikilize kidogo. Wazazi wa Armstrong hawakuwa mafundi, wala hawakuyaelewa mambo aliyoyafanya mtoto wao. Lakini walimpa chumba na hawakumzuia. Wengi wetu tukifungua redio mbovu nyumbani huambiwa twaharibu mali. Pengine ni kweli twaiharibu. Lakini redio iliyokwisha kufa haiwezi kufa tena, na mtoto aliyeifungua amepata somo lisilouzwa dukani.

Mwaka 1909 Armstrong aliingia Chuo Kikuu cha Columbia kusomea uhandisi wa umeme, akienda na kurudi kwa pikipiki. Wakati huo kulikuwako kifaa kipya kilichoitwa odioni, kilichobuniwa mwaka 1906 na mvumbuzi mwingine wa Marekani, Lee de Forest. Kilikuwa kama taa ndogo ya kioo. Ndani yake mlikuwa na waya unaowaka, bamba la chuma, na katikati yao wavu mdogo. Umeme ulitoka kwenye waya moto kwenda kwenye bamba, na wavu ule uliuzuia au kuuachia kama mlango wa bomba la maji. Kifaa kilifanya kazi kidogo tu, na de Forest mwenyewe hakuweza kueleza sawasawa namna kilivyofanya kazi. Watu walikitumia wakaridhika.

Armstrong hakuridhika. Jirani yao mmoja aliyekuwa mvumbuzi alimpa odioni, naye akaanza kuipima: umeme kiasi gani kwenye wavu, kiasi gani kwenye bamba, na nini hutokea hiki kikibadilika kidogo. Kwa kupima huko aliona jambo ambalo wengine hawakulitazamia. Umeme uliotoka kwenye bamba bado ulikuwa na mtetemo uleule wa ishara iliyoingia, lakini umekua. Basi akawaza: je, kama sehemu ya umeme huo ikirudishwa kwenye wavu, si itakuzwa tena, na tena, na tena?

Tarehe 22 Septemba 1912 alijaribu, akiwa darini. Ishara zilizokuwa zikisikika kwa shida katika visikilizio zilitoka sasa kwa nguvu hata zikasikika chumbani bila kuvaa kitu masikioni. Vituo vya mbali kama Ireland na visiwa vya Hawaii vilisikika. Tena aligundua kwamba umeme unaorudishwa ukizidi kiasi, kifaa huanza kutetema chenyewe, nacho chaweza kutumika kurushia mawimbi. Kwa hiyo sakiti moja ilizaa vitu viwili: mpokezi bora na mrushaji.

Msomaji asiyejua umeme naye ameusikia uvumbuzi huu kwa masikio yake. Kwenye mkutano wa asubuhi, mwalimu wa zamu akisimama na maikrofoni mbele ya spika, sauti ya spika huingia katika maikrofoni, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena, hata ukasikika ule mlio mkali unaotufanya tuzibe masikio. Armstrong alilizuia jambo hilohilo likome kabla ya mlio, akapata faida yake.

Kilichofuata kilimwumiza. Alitaka kuandikisha uvumbuzi wake serikalini apate hati ya uvumbuzi, lakini baba yake alikataa kutoa fedha mpaka amalize chuo kwanza. Armstrong akauza pikipiki yake, na bado fedha hazikutosha. Mjomba wake akamshauri achore sakiti yake kwenye karatasi na kuipeleka kwa wakili wa viapo, ipigwe mhuri wa tarehe. Alifanya hivyo tarehe 31 Januari 1913. Ombi lenyewe lilifika Oktoba ya mwaka huo, na hati akaipata Oktoba 1914.

De Forest akadai kwamba jambo hilo ni lake. Katika daftari la maabara yake mlikuwa na maandishi ya Agosti 1912 yaliyotaja mlio uliosikika katika sakiti ya odioni. Hakuufuata mlio huo wakati ule wala hakueleza maana yake, lakini tarehe ya maandishi ilitangulia ya Armstrong. Kesi ikavutwa karibu miaka 20. Hapo mwanzo Armstrong alishinda. Lakini de Forest hakuwa na fedha za kulipia gharama za kesi, na Armstrong, mtu mwenye shingo ngumu, hakukubali kumsamehe gharama hizo. Kwa sababu hiyo hukumu ilibaki bila kutiwa muhuri wa mwisho, na mlango ukabaki wazi kwa mwenzake kurudi. Akarudi kweli. Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa de Forest haki mwaka 1928, na tena mwaka 1934.

Wahandisi hawakukubaliana na mahakama. Chama chao kilikuwa kimempa Armstrong nishani ya heshima kwa ajili ya uvumbuzi huo. Baada ya hukumu ya 1934 aliichukua nishani akaenda nayo kwenye mkutano wao ili airudishe. Chama kilikataa kuipokea, kikatangaza kwamba ni haki yake, na waliohudhuria wakasimama kumshangilia.

Lakini nimewahi mbele. Turudi nyuma kidogo. Katika Vita Kuu ya Kwanza Armstrong alikuwa Paris, ofisa wa mawasiliano katika jeshi la Marekani. Huko, mwaka 1918, alibuni njia ya kuchanganya wimbi linaloingia na wimbi jingine linalotengenezwa ndani ya redio yenyewe, ili pawe na wimbi la tatu lisilobadilika, lililo rahisi kulikuza. Njia hiyo huitwa superheterodaini, na redio nyingi mno zimejengwa juu ya msingi wake hata leo. Mwaka 1922 aliuza uvumbuzi wake wa tatu kwa kampuni ya RCA kwa fedha na hisa, akawa tajiri. Mwaka 1923 alimwoa Marion MacInnis, karani wa David Sarnoff, mkubwa wa RCA. Zawadi yake kwa bibi arusi ilikuwa redio ya superheterodaini ya kubebwa mkononi, ya kwanza ya namna yake.

Mtu mwingine angestarehe. Armstrong alikuwa na adui mmoja ambaye hajamshinda, nao ni mikwaruzo. Redio za wakati ule zilikuwa za AM. Katika AM, kimo cha wimbi hupanda na kushuka kufuata sauti ya msemaji. Ubaya wake ni kwamba radi, mota na swichi nazo hupandisha na kushusha kimo cha wimbi, na redio haiwezi kupambanua lipi ni neno la msemaji na lipi ni radi. Armstrong aliamua kuuhamisha ujumbe: kimo kiwe kilekile daima, bali idadi ya mitetemo kwa sekunde ndiyo ibadilike. Hiyo ndiyo FM. Mtaalamu wa hesabu John Carson alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1922 kwamba FM ya ukanda mwembamba haina faida. Wengine wakaliacha jambo hapo. Armstrong akajaribu ukanda mpana, mara nyingi zaidi ya ule wa AM, na mikwaruzo ikatoweka.

Hati zake za FM zilitolewa tarehe 26 Desemba 1933. Mwezi Novemba 1935 aliwaonyesha wahandisi wenzake mjini New York, sauti zikirushwa kutoka nyumba ya rafiki yake huko Yonkers. Walisikia maji yakimiminwa katika bilauri na karatasi ikichanwa, wakadhani vinatendeka chumbani humo. Kisha, kwa fedha zake mwenyewe, alijenga mnara mkubwa mahali paitwapo Alpine, New Jersey, kituo chake kikaanza kurusha matangazo mwaka 1939.

Sasa niseme kwa nini habari hizi zatugusa sisi tunaounda amplifaya. Aina tuliyoichagua muhula huu huitwa daraja D. Herufi hiyo haina maana ya kidijitali kama wengi wanavyodhani. Ilikuja tu baada ya A, B na C. Armstrong hakuibuni, lakini akili yake na akili ya FM ni ndugu.

Katika amplifaya za zamani transista hukaa nusu wazi, kama bomba lililofunguliwa kiasi, na umeme mwingi hupotea kwa joto. Ndiyo sababu zina mabati makubwa ya kupoozea. Katika daraja D transista ama imefunguka kabisa au imefungwa kabisa, na hubadilika mara laki mbili au zaidi kwa sekunde. Kimo cha umeme unaotoka hakibadiliki. Kinachobadilika ni muda wa kukaa wazi. Sauti ikipanda, muda wa kukaa wazi huwa mrefu; ikishuka, huwa mfupi. Mwishoni koili na kapasita huichuja ile kasi kubwa, ikabaki sauti peke yake kwenda kwenye spika. Kama ilivyo katika FM, ujumbe umeondolewa katika kimo na kuwekwa mahali pengine. Amplifaya nzuri ya namna hii hufikisha kwenye spika asilimia 90 ya umeme iliopewa, kwa hiyo kwa nyumba inayotumia betri na sola yafaa sana.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1964 kampuni ya Sinclair ya Uingereza iliuza kwa posta vipande vya amplifaya ya daraja D vya kujiundia nyumbani, lakini transista za siku zile zilikuwa nzito kwa kasi hiyo. Leo kibao kidogo kisichozidi kiganja, cha volti 5, hutoa wati 3 kwa kila spika. Tulianza na kibao hicho. Baadaye tuliunda yetu kwa vipande: sehemu ya kutengeneza mawimbi ya pembetatu, sehemu ya kuyalinganisha na sauti inayoingia, transista mbili za kufungua na kufunga, kisha koili na kapasita. Tulitumia betri ya volti 12, kwa maana umeme wa ukutani wa volti 230 huua, na Mwalimu hauruhusu mezani petu.

Ilipolia kwa mara ya kwanza tuliweka karibu yake redio ya zamani ya AM. Ikakoroma vibaya, maana transista zinazofungua na kufunga kwa kasi namna ile hurusha mawimbi ya fujo. Tukaiweka FM mahali palepale, muziki ukatoka safi. Nakiri kwamba sikuwa nimeielewa kazi ya Armstrong kitabuni kama nilivyoielewa dakika ile. Baadaye tulifupisha nyaya na kuifunika koili, hata ya AM ikatulia kidogo.

Mwisho wa maisha yake ulikuwa wa huzuni, nami sitauficha. FM iliruhusiwa kufanya biashara kuanzia tarehe 1 Januari 1941. RCA ilimpa dola milioni moja iitumie bila kulipa ada. Akakataa, kwa kuwa kampuni nyingine zilikuwa zikilipa ada. Vita vya Pili vilipokuja alilipa jeshi la Marekani ruhusa ya kutumia hati zake za FM bila malipo. Vita vilipokwisha, mwaka 1945, serikali iliihamisha FM kutoka masafa yake ya kwanza kwenda yale ya megahezi 88 hadi 108, redio zote za FM zilizokwisha kuuzwa zikawa hazina kazi. Mwaka 1948 aliishtaki RCA. Mawakili wakamhoji mwaka mzima na zaidi, hati zikafika mwisho wa muda wake mwaka 1950, na mali yake ikayeyuka. Novemba 1953 aligombana na Marion kwa sababu ya fedha, Marion akaenda kukaa kwa dada yake. Usiku wa tarehe 31 Januari 1954 Armstrong alijitoa uhai. Ulikuwa umetimia mwaka wa 41 tangu siku ile alipopeleka karatasi yake kupigwa mhuri.

Marion hakukata tamaa. RCA ililipa zaidi kidogo ya dola milioni moja mwaka huohuo wa 1954. Kampuni nyingine akazifuata moja baada ya moja mahakamani, na ya mwisho ilishindwa mwaka 1967. Kila moja ya kesi hizo ilithibitisha kwamba FM ni ya Armstrong. Mnara wa Alpine ungali umesimama. Mwezi Septemba 2001, majengo marefu ya New York yalipoanguka pamoja na milingoti yao, baadhi ya vituo vya televisheni vilirudi hewani kwa kuutumia mnara huo.

Nimepata mafunzo matatu katika maisha haya. La kwanza, pima. Armstrong hakuwa na odioni bora kuliko ya wengine. Alikuwa na mita na uvumilivu. Ukiunda amplifaya ikakataa kulia, usibadilishe vipande ovyo. Pima volti mahali pamoja, andika, kisha nenda mahali pa pili.

La pili, andika tarehe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na uvumbuzi nao ni mali. Ukurasa mmoja wa daftari la mtu mwingine ulimpokonya Armstrong kazi aliyoielewa kuliko yeyote. Katika chama chetu sasa kila sakiti ina ukurasa wake, wenye mchoro, tarehe, na sahihi ya aliyeiunda na ya aliyeiona ikifanya kazi.

La tatu ni gumu zaidi. Mtu yuleyule aliyejua kuzuia umeme usirudi nyuma kupita kiasi hakujua kuizuia hasira ya haki yake. Alikuwa na haki, nami ningeshuhudia hivyo mbele ya hakimu yeyote. Lakini aliiacha imzungukie nafsini, ikikua kila mara, mpaka ikazidi kiasi. Ndugu mwanafunzi, ukionewa, idai haki yako, tena uidai kwa maandishi. Lakini usikae nayo peke yako darini. Mwambie mwenzako, mwambie mzazi, mwambie mwalimu. Wahandisi wale waliosimama kumshangilia mwaka 1934 walikuwa wengi, na kama angalihesabu marafiki kama alivyohesabu volti, huenda angaliishi kuisikia FM ikishinda dunia nzima.

Katibu, Chama cha Sayansi
Kidato cha 5